Tangazo la Sekunde 30: Ujuzi wa Video Unaoweza Kumpa Kijana Kazi

Vijana wengi katika kaunti hurekodi video kwa simu kila siku. Wachache ndio hulipwa, kwa sababu mfanyabiashara hutafuta mtu wa kumletea wateja.

Chukua mfano wa seremala anayeuza vitanda kando ya barabara. Kabla ya kurekodi, muulize anamlenga nani, kitanda chake kina nini ambacho cha jirani hakina, na anataka mtazamaji afanye nini: apige simu au afike karakanani? Majibu hayo ndiyo muswada wako. Kwa sekunde 30, andika maneno yasiyozidi 60, uyasome kwa sauti ukiangalia saa.

Sauti ndiyo huwaangusha wanaoanza. Mtazamaji huvumilia picha yenye kasoro ndogo, lakini asiposikia huondoka. Mwombe seremala azime mashine anapozungumza. Huna maikrofoni? Azima simu ya pili, uiweke kwenye mfuko wa shati lake ikirekodi sauti. Kisha rekodi randa ikifanya kazi, upate sauti ya kuweka chini ya picha. Msimamishe akitazama mlango ulio wazi ili mwanga umpige usoni; ukiwa nyuma yake, atatoka mweusi.

Piga picha za mbali, za kati na za karibu, kila moja kwa sekunde 10 bila kuhamahama. Mkono ukipapasa mbao iliyolainishwa huuza kuliko maelezo marefu. Kuhariri kunawezekana kwa CapCut kwenye simu, au kwa DaVinci Resolve ya bure kwenye kompyuta. Andika bei na nambari ya simu kwenye video, kwa kuwa wengi hutazama wakiwa wamezima sauti.

Kuna sheria pia. Chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019, pata idhini, ikiwezekana ya maandishi, kabla ya kutumia sura ya mtu katika tangazo. Kwa mtoto, mzazi au mlezi ndiye huidhinisha. Mwaka 2023, shule moja nchini ilitozwa faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Nyimbo za wasanii nazo hulindwa na Sheria ya Hakimiliki ya 2001, hata ukitumia sekunde tano tu.

Kubalianeni malipo kwa maandishi, na uchukue nusu kabla ya kuanza. Baada ya wiki mbili, rudi umuulize seremala simu ngapi zimeingia. Idadi hiyo, pamoja na video yenyewe, ina uzito mbele ya mwajiri kuliko orodha ya programu unazozijua.

Wenye kampuni wanaweza pia kusajiliwa kwa mpango wa AGPO, unaotengea vijana, wanawake na watu wenye ulemavu asilimia 30 ya zabuni za serikali. Zabuni hizo ni pamoja na za kutengeneza video na matangazo.