Tabia ya Mpiga Picha na Kazi ya Mikono Yake

Liko swali moja liulizwalo mara nyingi na watu wenye dhamiri, hasa vijana waliosoma: Je, kazi nzuri iliyotoka katika mikono ya mtu mbaya yafaa kutazamwa, kusifiwa na kutundikwa ukutani? Au ubaya wa mtu huingia katika kazi yake kama moshi uingiavyo katika maziwa, hata mtu asiweze kuyanywa bila kuuonja? Juma hili twataka kulichungua swali hilo kwa upande wa sanaa moja tu, yaani sanaa ya kupiga picha, maana ndiyo iliyo karibu zaidi na nyumba zetu. Jamaa nyingi hazina sanamu ya kuchonga wala mchoro wa rangi. Lakini nyumba isiyo na picha hata moja ya arusi, ya ubatizo au ya Komunyo ya kwanza ni nadra sana.

Mtakatifu Thoma wa Akwino, alipoandika habari za fadhila katika karne ya 13, alitenganisha busara na ufundi. Busara humfanya mtu mwenyewe kuwa mwema. Ufundi hukifanya kitu kilichotengenezwa kuwa chema. Kwa hiyo fundi, kwa vile alivyo fundi, husifiwa kwa ubora wa kazi yake, si kwa nia aliyokuwa nayo moyoni. Seremala mlevi aweza kutengeneza kiti kisichoyumba, na mtu wa sala nyingi aweza kujenga ukuta uangukao kwa mvua ya kwanza. Mchoraji Caravaggio alimwua mtu mjini Roma mwaka 1606, na hata leo michoro yake ya Mtakatifu Mateo ingali katika kanisa la Wafaransa mjini humo, na waamini husali mbele yake.

Fundisho hilo ni la kweli, wala hatuna nia ya kulipinga. Lakini tusilitumie kama ufunguo wa kila mlango. Seremala anapokata mbao hahitaji ruhusa ya mbao. Mpiga picha wa watu hawezi kufanya kazi yake bila kuuchukua uso wa jirani yake. Mbele ya kamera yake amesimama mtu mwenye roho, mwenye jina, pengine mwenye njaa au aibu, na namna anavyotendewa mtu huyo ni sehemu ya kazi yenyewe. Hapo ndipo ufundi na tabia hukutana, na ndipo swali letu linapokuwa gumu.

Tutwae mfano mmoja ulio wa kweli. Leni Riefenstahl alizaliwa Berlin mwaka 1902. Alikuwa mchezaji dansi, kisha mchezaji wa senema, kisha mwongozaji wa senema. Hitler alipokwisha kushika utawala wa Ujerumani, bibi huyu alitengeneza senema ya mkutano mkuu wa chama cha Wanazi uliofanyika Nuremberg mwaka 1934, ilitolewa 1935. Baadaye akatengeneza senema ya michezo ya Olimpiki ya Berlin ya mwaka 1936, iliyotolewa 1938. Wajuzi wa sanaa hiyo wanakubali kwamba alikuwa fundi wa kweli: alijua kuiweka kamera chini ili mtu aonekane mrefu kama mnara, na alijua kupanga makundi ya watu yaonekane kama mawimbi ya bahari. Ufundi huo wote uliwekwa chini ya miguu ya utawala ule tunaoujua matendo yake. Mwezi wa Juni 1940, majeshi ya Hitler yalipoingia Paris, alimpelekea simu ya pongezi.

Liko jambo zito zaidi. Tangu 1940 mpaka 1944 alikuwa akipiga senema iitwayo Tiefland, naye alihitaji watu wenye sura ya Kihispania. Walichukuliwa zaidi ya watu 100, wakiwamo watoto, wa makabila ya Wasinti na Waroma (hao si wenyeji wa mji wa Roma, bali ni watu ambao mababu zao walitoka Bara Hindi zamani sana). Walitolewa katika makambi ya kufungia watu, Maxglan karibu na Salzburg na Marzahn huko Berlin. Baada ya kazi hiyo wengi wao walipelekwa Auschwitz, na wengi walikufa huko. Mwaka 2002, akiwa amekaribia umri wa miaka 100, bibi huyu alitamka kwamba hakuna hata mmoja wao aliyepatwa na mabaya. Chama cha Waroma kilimpeleka mahakamani, naye akalazimika kuyaondoa maneno hayo. Alifariki mwaka 2003, hali akishikilia mpaka mwisho kwamba yeye alikuwa msanii tu, wala hakuwa na habari na siasa.

Basi, mtu huyu ndiye aliyekuja Afrika. Mwaka 1956 alipata ajali ya motokaa huko Kenya, akalazwa hospitali Nairobi. Baadaye alieleza kwamba kilichomvuta kwenda Sudani ni picha moja aliyoiona gazetini, ya mwana mieleka wa Kinuba amebebwa mabegani na mwenzake baada ya kushinda. Wanuba hao ni wenyeji wa milima ya Kordofani, nchi isiyo ngeni kwa Kanisa, maana Mtakatifu Danieli Komboni aliwapelekea wamisionari katika miaka ya 1870, na wamisionari wa Delen walitekwa na watu wa Mahdi mwaka 1882. Riefenstahl alifika kwao kwanza mwaka 1962, akarudi mara nyingi, akakaa nao, akajifunza maneno ya lugha yao. Kitabu chake cha kwanza cha picha za Wanuba kilitoka 1973, na cha pili, cha Wanuba wa Kau, kikatoka 1976. Vilinunuliwa sana Ulaya na Marekani. Kila aliyevifungua aliona watu wazuri mno: vijana waliopakwa majivu, wenye misuli kama ya chuma, na nyuso zilizochorwa kwa udongo mwekundu, mweupe na mweusi.

Sasa tutazame ile picha iliyomvuta. Ilipigwa mwaka 1949 na Mwingereza aitwaye George Rodger. Mwezi wa Aprili 1945 Rodger aliingia pamoja na majeshi ya Kiingereza katika kambi ya Bergen-Belsen, akapiga picha za maelfu ya maiti. Akiwa katika kazi hiyo akajikuta anatafuta mahali pa kusimama ili maiti zile zipangike vizuri katika picha. Alipotambua alilokuwa akilifanya alishtuka mno, akaazimia kutopiga tena picha za vita. Baada ya kuungana na wenzake kuanzisha chama cha wapiga picha cha Magnum mwaka 1947, alisafiri Afrika kutoka kusini mpaka kaskazini, na ndipo alipowafikia Wanuba. Riefenstahl alimwandikia akimwahidi fedha ili amjulishe kwa watu hao. Rodger alikataa, akimkumbusha kwamba maisha yake na maisha ya yule bibi hayana la kuambizana.

Twaomba msomaji asipite hapa haraka. Watu wawili, kamera za namna moja, kabila moja, mchezo ule ule wa mieleka. Mmoja alijiona jinsi jicho lake lilivyoweza kumgeuza mtu kuwa pambo, akaogopa. Mwingine, kwa kadiri ya maneno yake yote ya hadharani, hakuogopa kamwe. Je, tofauti hiyo yaonekana katika picha?

Mwandishi wa Marekani Susan Sontag alijibu mwaka 1975 kwamba yaonekana. Alisema kitabu cha Wanuba ni mwendo ule ule wa senema za zamani: kuabudu mwili wenye nguvu, kushangilia ushindi wa mwenye nguvu, na kutokuwa na nafasi kwa mnyonge. Hoja yake ina uzito. Ukigeuza kurasa zile hukuti kwa wingi vikongwe, wala wagonjwa, wala mama aliyechoka akitwanga. Wakutana na vijana, na vijana tena, wamepigwa kutoka chini kama walivyopigwa wanariadha wa Berlin.

Hata hivyo haifai kuipokea hoja hiyo yote bila kuipima. Mtaalamu James Faris, aliyekaa na Wanuba wa kusini-mashariki na kuandika kitabu juu ya michoro yao ya mwili mwaka 1972, alimlaumu sana Riefenstahl. Lakini uchunguzi wake mwenyewe waonyesha kwamba Wanuba hao waliuthamini mno mwili wa ujana wenye afya, na kwamba michoro ile ilikuwa ya vijana kwa umri wao, wala si ya kila mtu. Yaani sifa ya nguvu haikuletwa yote na mgeni katika sanduku la kamera. Sehemu ilikuwa ya wenyeji. Anayesema kwamba kila uzuri ulioko katika picha hizo ni uzuri wa Kinazi, bila kujua awanyang'anya Wanuba kilicho chao.

Kwa maoni yetu kosa kubwa zaidi limo katika kile kilichoachwa nje ya picha. Kitabu cha kwanza kilipotolewa kwa Kiingereza mwaka 1974 kilipewa jina lenye maana ya Wanuba wa mwisho, kana kwamba watu hao walikuwa wakiaga dunia na mpiga picha amewahi mazishi. Mavazi, shule, dini, kodi na biashara vilipoingia milimani, yeye aliona uharibifu tu. Mtu aliyevaa shati hakuwa tena Mnuba wa kutosha kwake. Hiyo ndiyo tabia iliyoingia katika kazi: kumpenda mtu kadiri anavyopendeza machoni, na kumhuzunikia anapoanza kuishi kama apendavyo mwenyewe. Nasi Waafrika twaifahamu tabia hiyo, maana si ya bibi huyu peke yake. Wako wengi wasiowahi kumwona Hitler, nao hupiga picha zetu kwa jicho lile lile.

Wanuba hawakuwa wa mwisho. Tarehe 8 Februari 2000, ndege ya serikali ya Sudani iliangusha mabomu juu ya shule ya Msalaba Mtakatifu ya Kauda, katika jimbo la Askofu Macram Max Gassis, wakafa watoto wasiopungua 14 pamoja na mwalimu wao. Walikuwa wamekaa chini ya miti wakisoma, wamevaa nguo kama watoto wa shule popote. Mwaka huo huo Riefenstahl, mzee wa miaka 97, alirudi Sudani kuwatafuta rafiki zake wa zamani, na helikopta yake ikaanguka. Aliumia lakini akapona. Tusiwe wakali kupita haki: kurudi kwake katika nchi yenye vita, kwa umri ule, kwaonyesha kwamba mapenzi yake kwa watu wale hayakuwa ya uongo mtupu. Mtu aweza kupenda kweli na kupenda vibaya.

Basi tufanyeje na picha hizo? Wako wasemao zichomwe. Sisi hatukubali, na sababu yetu ni hii. Picha ya mtu ina wenyewe wawili, aliyepiga na aliyepigwa. Tuseme katika mji fulani alikuwako mpiga picha mwenye duka, mwizi na mkatili kwa mkewe, na picha pekee ya marehemu mama yako ilipigwa naye mwaka aliovunja ungo. Je, ukisikia habari zake utaitoa picha ile ukutani? Hutaitoa. Uso ule ni wa mama yako, haukupata kuwa mali ya yule mtu hata siku moja. Vivyo hivyo wako Wanuba leo ambao katika vitabu vile waweza kumkuta babu yao angali kijana, naye hakupata kupigwa picha nyingine. Kuchoma picha kwa ajili ya dhambi za mpigaji ni kumwadhibu aliyepigwa.

Lakini kutozichoma si kumtukuza aliyezipiga. Hapa twatofautiana na wale wasemao kwamba sanaa ni sanaa, tusiulize zaidi. Wale Wasinti na Waroma wa Tiefland nao walikuwa mbele ya kamera yake. Mtu anayeitazama senema ile kwa uzuri wake tu, asijue waliotokea humo walipelekwa wapi, hajaiona. Kujua hakumharibii macho. Kwamfundisha kutazama uso wa mtoto aliyesimama pembeni, ambaye mwongozaji alimtaka awe rangi ya mandhari.

Wazazi na walimu wanaowaonyesha vijana picha za namna hiyo wafanye hivi: wasizitoe bila maneno. Chini ya picha yaandikwe jina la kabila, mahali, mwaka, na jina la mpigaji pamoja na aliyoyatenda, kwa sentensi mbili tatu zilizo wazi. Jina la aliyepigwa likijulikana litangulie yote. Na pale ambapo mhalifu yu hai bado na fedha za mauzo zaingia mfukoni mwake, au aliyeumizwa naye yu hai na kuiona kazi ile humwumiza tena, hapo picha na ingoje. Uzuri wake hautaoza kabatini.

Urithi wa Riefenstahl, picha na barua na kanda, masanduku yapata 700, ulikabidhiwa mwaka 2018 kwa shirika la umma la kuhifadhi mali ya utamaduni huko Berlin. Ndani yake zimo karatasi zake juu ya Hitler, na zimo nyuso za Wanuba. Wanaozitunza wanao wajibu kwa pande zote mbili, nao wa kwanza kuulizwa picha zile zifanyiwe nini wangepaswa kuwa watu wa Kordofani.