Jinsi Wamisri wa Kale Walivyoishi na Miungu Yao

Mtu akitazama sanamu za Misri ya kale, moja ina kichwa cha kipanga na nyingine ina kichwa cha mbweha, huenda akadhani kwamba watu wale waliabudu wanyama na mawe tu. Lakini maandiko yao wenyewe, ambayo Mfaransa Champollion aligundua njia ya kuyasoma mwaka 1822, yaonyesha fikira nyingine. Kwa Wamisri, sanamu ilikuwa mahali ambapo mungu huja kukaa ili wanadamu wapate kumtumikia.

Bwana Mwenye Nyumba

Hekalu la Misri halikujengwa ili watu wakusanyike kusali. Lilikuwa nyumba ya mungu, na makuhani walikuwa watumishi wake. Kila siku alfajiri kuhani alivunja muhuri wa udongo, akafungua mlango wa chumba cha ndani, akaisafisha sanamu, akaipaka mafuta na kuivika nguo. Kisha mungu aliandaliwa mkate, nyama na pombe. Iliaminiwa kwamba mungu hula nguvu iliyomo katika chakula. Kwa hiyo chakula chenyewe kiligawiwa makuhani na watumishi baadaye.

Nyumba ya namna hiyo ilihitaji mali nyingi. Hati iliyoandikwa baada ya kufa kwake mfalme Ramesses III, yapata mwaka 1155 kabla ya Kristo, yaonyesha kwamba mungu Amun wa mji wa Thebes alikuwa na mifugo zaidi ya 400,000.

Sababu ya utumishi huo ilikuwa neno moja, Maat, maana yake kweli, haki na utaratibu pamoja. Jua kuchomoza, mto Nile kufurika kwa majira yake, na hakimu kuamua bila upendeleo, yote yalikuwa Maat. Mafuriko yale yaliletwa hasa na mvua za milima ya Ethiopia, lakini Wamisri waliyaona kuwa kazi ya miungu. Basi wanadamu walitoa sadaka, na miungu waliulinda utaratibu wa dunia. Kila upande ulikuwa na wajibu wake.

Mungu Atoka Nje

Mkulima wa kawaida hakuruhusiwa kuingia katika chumba cha ndani. Lakini siku za sikukuu mungu alitoka, akichukuliwa na makuhani mabegani mwao juu ya mfano wa mashua. Hapo mtu aliweza kumwuliza neno. Mashua ikisogea mbele, jibu lilikuwa ndiyo. Ikirudi nyuma, jibu lilikuwa siyo.

Hati moja ya mafunjo, iliyoandikwa zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, yaeleza kesi ya mlinzi aliyeitwa Amunemwia. Alilala usingizi wakati wa adhuhuri, naye alipoamka akakuta nguo tano za rangi zimeibwa. Siku ya sikukuu akamwendea Amun wa mtaa wake na kumsihi amrudishie mali. Zikasomwa nyumba za mji mbele ya mungu. Ilipotajwa nyumba ya mkulima mmoja, mungu akaashiria kwamba ndiye.

Mkulima yule akakana. Akaenda kwa Amun wa mtaa mwingine, lakini huko pia akaonyeshwa kuwa ndiye mwizi. Akajaribu mahali pa tatu. Jibu likawa lile lile. Mwishowe akarudishwa mbele ya mungu wa kwanza, akakiri. Alipigwa fimbo 100 za kuti la mtende, akaapishwa kwamba akigeuza maneno yake atupwe kwa mamba.

Msomaji atauliza ni nani aliyeisogeza mashua. Bila shaka ni wachukuzi, nao walikuwa wenyeji. Yamkini walikwisha kusikia yaliyonong'onwa mtaani. Lakini mshtakiwa mwenyewe hakusema kwamba mungu hawezi kuhukumu. Alitafuta tu Amun mwingine wa kumtetea. Mlinzi naye, asiye mkubwa wala tajiri, alipata mahali pa kusikilizwa. Ndiyo sababu maskini walimhesabu Amun kuwa hakimu asiyepokea rushwa, hasa pale walipoyaogopa mabaraza ya wanadamu.

Hata mauti hayakumwondoa mtu katika hukumu hiyo. Iliaminiwa kwamba moyo wa marehemu hupimwa katika mizani, na upande wa pili huwekwa unyoya wa Maat.

Ibada hizo zilidumu miaka ipatayo 3,000. Hekalu la Philae, kusini mwa Misri, lilikuwa miongoni mwa ya mwisho. Lilifungwa katika karne ya 6 baada ya Kristo kwa amri ya mfalme Justinian.

Basi atakaye kuwafahamu watu wa kale asianze kwa kuhesabu sanamu zao. Na aulize kwanza walitazamia nini kwa miungu yao, na walijiona wana deni gani kwao.