Kupima Msaada Ili Tujifunze

Msaada ukiisha kutolewa, kwa desturi twauliza: Vimegawanywa vitu vingapi? Hesabu hiyo ni njema, maana humlinda mtunza fedha asishukiwe. Lakini iko hesabu ya pili, nayo ni ngumu zaidi: Waliopewa wamepata faida gani?

Na tutazame mfano wa kweli. Mwaka 1996 shirika la Kiholanzi liitwalo ICS lilianza kugawa vitabu katika shule za msingi za Busia na Teso, magharibi ya Kenya. Shule zilikuwa 100. Kwanza zilipewa 25, zilizochaguliwa pasipo upendeleo, nyingine zikangoja. Hivyo iliwezekana kuwalinganisha wenye vitabu na wasio navyo.

Ilitazamiwa kwamba watoto wote wataendelea. Kumbe, kwa jumla alama hazikupanda. Waliofaidiwa ni wale waliokuwa mbele tangu zamani. Sababu ni nini? Vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, nacho kwa wengi wao ni lugha ya tatu. Kitabu kilifika mkononi, bali hakikufika akilini. Kama vingalihesabiwa vitabu tu, ingaliandikwa kwamba kazi imefaulu.

Hata hivyo shirika halikuchoka. Tangu 1998 dawa ya minyoo ilitolewa katika shule 75, kundi baada ya kundi. Wataalamu Edward Miguel na Michael Kremer waliona ya kuwa utoro ulipungua kadiri ya robo; hata watoto wasiomeza dawa walisaidika, kwa kuwa maambukizo yalipungua. Walakini alama za mtihani hazikupanda, nao wakaliandika hilo pia.

Basi, twajifunza mambo matatu. Kwanza, kabla ya kutoa tuulize kama mpewaji aweza kukitumia kile tunachompa. Pili, kupima si kumshitaki mtu; mwenye kuogopa hukumu hutuletea habari njema tu, na habari njema tupu hazifundishi. Tatu, jibu lisilopendeza si hasara, likigeuza tendo la kesho.

Kutoa ni moyo, wasema wazee, nao wasema kweli. Lakini moyo wahitaji macho. Kwa hiyo wazee wa usharika wakigawa nguo au karo, warudi baada ya miezi michache, wawasikilize waliopewa, waandike waliyoyasikia, na kuyasoma tena kabla ya kugawa mara ya pili.