Mabomba ya Chuma na Stima

Ndugu mkulima, ukiisha kutiwa stima nyumbani, yatazame mabomba yako ya maji na ya gesi. Waya ukichubuka na kugusa bomba la chuma, bomba zima huweza kupata nguvu ya volti 240. Mama akishika mfereji kwa mkono mmoja na birika la stima kwa mkono wa pili, stima itapita mwilini mwake, naye aweza kufa.

Dawa ni hii: kila bomba la chuma, mahali liingiapo nyumbani, lifungwe kwa kibano na waya wa shaba wenye rangi ya kijani na manjano, uende mpaka kwenye waya wa ardhi penye swichi kuu. Hapo vyuma vyote huwa na nguvu sawasawa, na kukitokea hitilafu fyuzi hukatika upesi.

Bomba la plastiki halihitaji waya huu. Lakini ukitia kipande cha plastiki katikati ya bomba la chuma, chuma kilicho mbele yake huenda kikakosa ardhi.

Kazi hii mwachie fundi mwenye leseni. Yako ni kutazama. Leo, kabla ya kukama ng'ombe, zunguka nyumba: je, waya upo, na kibano kimekaza?