SOMO: MAFUTA MAZITO NA GHARAMA YA MVUKE

Katika jimbo la Alberta, nchini Kanada, yamo mafuta mazito kama lami yaliyoshikamana na mchanga. Sehemu kubwa imo chini mno, haiwezi kufukuliwa. Mhandisi Roger Butler alibuni njia ya mvuke, nayo ikafanyiwa majaribio katika eneo la Fort McMurray kuanzia mwaka 1987.

Visima viwili hulazwa ardhini sambamba, kimoja juu ya kingine, vikiachana kiasi cha mita 5. Mvuke huingizwa katika kisima cha juu. Joto huyalainisha mafuta, yakatiririka kwa uzito wake hadi kisima cha chini, kisha hupandishwa juu.

Lakini ili kuchemsha maji, gesi asilia nyingi huchomwa, na hewa ya ukaa itokayo huongeza joto la dunia. Basi mwanachama asomapo hesabu asitazame mapipa pekee; aulize pia nishati iliyoteketezwa kuyapata.