Nyumba ya Pombe katika Miji Midogo ya Wales: Somo la Kuta Zake

Katika somo hili twataka kueleza habari za nyumba ya pombe ya miji midogo ya Wales, nchi yenye milima iliyo magharibi ya kisiwa cha Britania. Hatukusudii kusifu ulevi, wala kuwahukumu wanywaji. Twataka msomaji aitazame nyumba yenyewe, jinsi ilivyogawanywa ndani na jinsi mgawanyo huo ulivyobadilika. Maana ajuaye kusoma kuta za nyumba hujua pia ni nani aliyeruhusiwa kuketi na nani.

1. Jikoni. Kwa lugha ya Kiwelisi nyumba hiyo huitwa tafarn. Hapo kale haikuwa na kaunta. Ilikuwa nyumba ya mtu kama nyumba nyingine, na mgeni alikaribishwa jikoni. Sakafu ilikuwa ya mawe, moto uliwaka katika meko ya ukutani, na kando yake palikuwa na benchi lenye mgongo mrefu wa kukinga upepo wa mlangoni. Mapipa ya bia yaliwekwa chumba cha nyuma penye baridi. Mwenye nyumba alijaza jagi kutoka pipani, akawamiminia watu. Desturi hiyo haikupotea upesi: nyumba iitwayo Dyffryn Arms, huko Pontfaen, imesifika hata katika karne hii kwa bia iliyotolewa kwa jagi kupitia kidirisha cha ukutani.

2. Vyumba vingi. Mwaka 1797 fundi Joseph Bramah alipewa hati ya serikali kwa ajili ya pampu ya mkono ya kuvuta bia kutoka chini ya nyumba hadi juu. Pampu ilipoenea katika karne ya 19, kaunta nayo ikaenea, na vyumba vikajengwa kuizunguka. Palikuwa na chumba cha wafanya kazi, chenye mabenchi na sakafu tupu, walimoingia wakulima siku ya mnada na wachimba mawe wenye vumbi nguoni. Palikuwa na chumba cha wenye nafasi, chenye zulia na viti laini, na mara nyingi bia ile ile iliuzwa humo kwa bei iliyozidi kidogo. Tena palikuwa na chumba kidogo cha faragha, walimoketi wanawake na watu wasiopenda kuonekana. Mzee wa mji na mkata mawe waliweza kunywa chini ya paa moja miaka mingi wasiketi pamoja hata siku moja.

3. Siku ya Jumapili. Wawelisi wengi wa siku hizo walikuwa watu wa kanisani, nao walichukia pombe siku ya Bwana. Mwaka 1881 Bunge lilitunga sheria ya kuzifunga nyumba za pombe za Wales siku ya Jumapili. Msafiri wa kweli aliweza kuhudumiwa, na vilabu vya wanachama havikuguswa na sheria hiyo; kwa hiyo kufunga mlango hakukuwa kumaliza kiu. Mwaka 1961 watu wa kila eneo walipewa ruhusa ya kuamua kwa kura. Wilaya ya mwisho kufungua ilikuwa Dwyfor, mwaka 1996.

4. Kuta zavunjwa. Hasa tangu miaka ya 1960 kuta za ndani zilibomolewa katika nyumba nyingi, vikawa ukumbi mmoja. Sababu zilikuwa wazi. Mtu mmoja kauntani aliweza kuona wateja wote, nafasi ya meza za chakula ikapatikana, na watu hawakukubali tena kutengwa kwa vyeo. Mwanamke aliketi penye mwanga kama mwanamume, na bei ikawa moja. Tarehe 2 Aprili 2007 sheria ilikataza kuvuta tumbaku ndani ya nyumba hizo, na dari zilizokuwa zimegeuka rangi kwa moshi zikapakwa rangi upya.

Lakini hasara nayo ilikuwapo. Mzee aliyezoea pembe ya utulivu alikuta muziki umejaa pote, wala hapakuwa na chumba cha watu kumi kufanyia shauri lao. Mazungumzo ya Kiwelisi ya meza moja yalizama katika kelele za meza zote.

5. Nyumba ya wote. Siku hizi nyumba nyingi za namna hii zimefungwa kabisa, na mji mdogo ukipoteza nyumba hiyo waweza kupoteza mahali pake pa kukutania. Kwa hiyo watu wengine wamekusanya fedha na kuzinunua. Katika kijiji cha Llithfaen, kilichokuwa ndani ya wilaya ile ile ya Dwyfor, wanakijiji waliichukua nyumba yao mwaka 1988, wakati sheria ya Jumapili ingali inafuatwa huko. Huko Rosebush, watu waliinunua mwaka 2017 Tafarn Sinc, nyumba ya bati iliyojengwa mwaka 1876.

6. Funzo. Twaona ya kuwa kuta za zamani zilikuwa za namna mbili, ingawa kwa macho zilifanana. Ukuta mmoja ulijengwa kwa dharau, kumweka maskini mbali na tajiri. Huo ulistahili kuanguka. Ukuta wa pili ulikuwa sitara, ulimpa mtu utulivu na watu wachache nafasi ya kusikilizana. Huo ulianguka pamoja na mwenzake kwa sababu hakuna aliyeuliza kazi yake. Basi yeyote mwenye amri ya kubadili nyumba ya watu wengi, iwe ya baraza, ya shule au ya ibada, yafaa kwanza aketi ndani yake na kuuliza kila ukuta wamkinga nani, na wamzuia nani.

Waalimu waweza kuwauliza wasomaji wao: Katika nyumba mnayokutania ninyi, ni nani hukaa karibu na mlango, na kwa sababu gani? Ni kitu gani kingepotea kama ingekuwa chumba kimoja?