Mwenye Deni na Gari

Mkulima wa Ipole aliyefilisika kwa deni la tumbaku aweza kuuliza: Je, ninunue gari kwa mkopo nipeleke asali Tabora?

Qurani Tukufu (2:280) yaamuru mdaiwa mwenye dhiki apewe muhula. Lakini muhula si ruhusa ya kuficha. Katika Sahihi Muslim twasoma habari za mtu aliyepata hasara ya matunda aliyoyanunua: Mtume s.a.w. aliwahimiza watu wamsaidie kwa sadaka; isipotosha, wadai wakachukua kilichopatikana.

Basi, kwanza waeleze wadai wako, na mwenye gari pia. Wakiridhia, andikeni mapatano mbele ya mashahidi (2:282). Wasiporidhia, baiskeli yatosha. Kukosa gari si aibu. Aibu ni kulipanda kwa mali ya mwenzio.